Ukipewa ndege, itatua wapi?

Mji wa Kilindoni, kisiwani Mafia, uko jirani kabisa na uwanja wa ndege. Watoto wa pale hawahitaji ratiba. Wakisikia muungurumo juu ya minazi wanajua ndege ya Dar es Salaam imefika, na wenye mbio huwahi kwenda kuangalia nani anashuka.

Mmoja wao ni mvulana wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la tano. Kurasa za nyuma za daftari lake la hesabu hazina hesabu, zina ndege. Kila moja ameichora kwa penseli, na chini yake ameandika jina, idadi ya viti na urefu wa mabawa. Mambo hayo huyapata kwenye video za simu ya baba yake, bando likiwepo.

Usiku mmoja wa msimu wa kusi, umeme ulikatika familia ikiwa imemaliza kula. Baba, mama, bibi na yule mvulana walikuwa barazani, kwenye mkeka. Simu zilikuwa zimeisha chaji, hivyo hakukuwa na cha kutazama. Mtoto akauliza swali ambalo wazazi wengi wangelijibu kwa kumwambia akalale:

“Tungekuwa na pesa zisizoisha, kila mtu angenunua ndege gani?”

Familia hii imekubali kisa chake kisimuliwe bila majina. Kilianza kama mchezo wa kupoteza muda. Kabla umeme haujarudi, mchezo huo ulikuwa umefungua jambo ambalo nyumba nzima ililinyamazia kwa miaka sita.

Sharti la bibi

Bibi ndiye aliyeweka sheria. Alizaliwa Jibondo, kisiwa kidogo kusini mwa Mafia, kwa watu wa bahari, na hajawahi kuona faida ya chombo kisichojua kinakwenda wapi.

“Haya, pesa si hoja,” alisema. “Lakini atakayetaja ndege aseme itatua wapi na itambeba nani. Chombo kisicho na pa kufikia ni mzigo tu.”

Baba alianza. Yeye hununua pweza kwa wavuvi na kuwapeleka kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, na baadhi ya pweza hao huishia kwenye meza za Ulaya. Alichagua Gulfstream G650, ndege ya matajiri iliyokuwa ikiuzwa mpya kwa zaidi ya dola milioni 60 za Marekani. Inaweza kuruka karibu kilomita 13,000 bila kutua.

“Pweza anavuliwa Mafia asubuhi, jioni yuko Ureno,” alisema. “Simuuzii tena mtu wa kati.”

“Itatua wapi?” mtoto akauliza.

Baba akaonyesha kidole upande wa uwanja. Mtoto akatikisa kichwa, maana swali hilo alishalichunguza zamani. Njia ya kurukia ya Mafia ina urefu wa kama kilomita 1.6, na Gulfstream hiyo ikijaa mafuta na mizigo huhitaji karibu kilomita 1.8 ili ipae. Kutua ingetua, ila kuondoka na shehena kamili ya pweza isingewezekana.

“Basi nitaijaza nusu,” baba alijitetea.

“Na rubani utamlipa nini? Na fundi? Na bima?” bibi alimkatiza. “Wewe mashine ya boti tu mwaka wa tatu huu unaichangia.”

Walicheka. Baba alikiri kwamba hata akipewa ndege ile bure, hana cha kuilisha.

Zamu ya bibi ilipofika, hakutaja jina, alieleza umbo. Alitaka “ile ya hapa hapa”, yaani Cessna Caravan, ambayo wakazi wa visiwani wanaifahamu kama daladala ya angani. Ina injini moja, mabawa yako juu ya madirisha, na magurudumu hayakunjwi. Ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1980, na miongoni mwa wateja wa mwanzo ilikuwa FedEx ya Marekani iliyoihitaji kwa vifurushi. Visiwani na mbugani imependwa kwa sababu haichagui sana pa kutua. Lakini bibi alitaka magurudumu yatolewe.

“Iwekewe vihori viwili chini, itue majini, inishushe Jibondo nikawaone ndugu zangu bila kulowa.”

Mtoto alifurahi kuliko wote, kwa kuwa Caravan ya namna hiyo ipo kweli. Huwekwa maboya marefu mawili badala ya magurudumu, na huko Maldivi ndege za kutua majini ndizo zinazowapeleka wageni wengi kwenye visiwa vya hoteli. Akamtahadharisha tu kwamba upepo wa kusi ukichafua bahari, ndege ndogo haiwezi kutua kwenye mawimbi, na maji ya chumvi hula bati haraka.

“Mume wangu,” bibi alimwambia mjukuu wake kwa utani wao wa kila siku, “kusi nimeanza kuisoma kabla baba yako hajazaliwa. Nitasafiri wakati wa kaskazi.”

Kisha mtoto akataja ya kwake: Airbus A380, ndege ya abiria kubwa kuliko zote, yenye ghorofa mbili toka puani hadi mkiani. Mabawa yake yana karibu mita 80 kutoka ncha hadi ncha. Iliruka mara ya kwanza mwaka 2005, na inaruhusiwa kubeba hadi watu 853. Kuna mwanamfalme wa Saudi Arabia aliyewahi kuagiza moja iwe yake binafsi, lakini haikumfikia.

“Itatua wapi?” watu wazima watatu waliuliza kwa pamoja.

Mtoto alijua jibu. Mafia haitatua, na ingejaribu ingemaliza njia yote ikaendelea shambani. Hata hivyo hakubadilisha.

“Ina viti vingi,” alisema. “Watu wote watapanda. Hatabaki mtu.”

Walicheka tena. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mtu abaki.

Ndege ya mama

Mama alikuwa kimya muda wote, miguu ameinyoosha, mkono mmoja tumboni. Ujauzito wake ulikuwa na miezi saba.

“Mimi nataka inayoruka usiku,” alisema mwishowe. “Ile niliyoiona imekuja kumchukua mtalii mgonjwa. Ina injini moja mbele na mlango mpana nyuma, wakamwingiza na machela yake.”

“Hiyo ni Pilatus, mama,” mtoto alisema. “PC-12.”

Pilatus PC-12 hutengenezwa Uswisi. Si ya kifahari kama Gulfstream, lakini watu wa afya wanaithamini kwa sababu ambazo mgonjwa huzihisi mwilini. Mlango wa nyuma ni mpana kiasi cha kupitisha machela bila kumkunja mtu. Hewa ya ndani hudhibitiwa, hivyo ndege inaweza kupanda juu ya mawingu mabaya bila mgonjwa kupungukiwa oksijeni. Na inaweza kutumia njia ya vumbi au majani isiyofika kilomita moja.

Amref Flying Doctors, yenye kituo chake katika Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, hutumia ndege za aina hiyo. Mizizi yake ni huduma iliyoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliotaka tiba iwafikie watu wa vijijini Afrika Mashariki. Australia, ambako madaktari wa ndege walianza kazi mwaka 1928, nao wanazo PC-12.

“Itatua wapi usiku?” mtoto aliuliza, akifuata sharti. Kisha akajijibu mwenyewe: “Tunapanga bodaboda pande zote mbili za uwanja, zinawasha taa.”

Wazo lake si la kitoto. Australia, kwenye mashamba ya mbali yasiyo na taa za uwanja, watu wamewahi kuwaongoza marubani kwa taa za magari, na hata kwa karatasi za chooni zilizochovywa kwenye dizeli na kuwashwa ndani ya makopo. Lakini mama hakucheka.

“Usiku ule hata bodaboda 100 zingepatikana,” alisema. “Ndege ndiyo haikuwepo.”

Baba akageuza uso kutazama njia. Bibi akaanza kuvuta uradi. Mtoto akauliza: “Usiku upi?”

Viti vilivyokwisha

Miaka sita iliyopita, mama huyo alikuwa na ujauzito wa wiki 34. Kwa siku mbili kichwa kilimuuma mpaka akawa anakifunga kitambaa. Uso ulivimba na pete ikakataa kutoka kidoleni. Alijiambia ni uchovu. Siku ya pili alasiri alianza kuona vimulimuli machoni, ndipo akapelekwa hospitali.

Presha ilikuwa imepanda sana na mkojo ulikuwa na protini. Hizo ni dalili za hali inayoweza kumfikisha mjamzito kwenye kifafa cha mimba, ugonjwa unaojitokeza zaidi katika nusu ya pili ya ujauzito na unaoweza kumuua mama na mtoto. Alichomwa sindano za kuzuia degedege na kupewa dawa za kushusha presha. Ikaamuliwa apelekwe Dar es Salaam. Lakini jua lilikuwa limeshazama, safari za ndege za kisiwani ni za mchana, na bahari ya kusi usiku huo haikuwa ya kumpakia mgonjwa.

Walisubiri asubuhi. Viti viliondolewa ili machela ikae, na waliopata nafasi ya kumsindikiza walikuwa muuguzi na bibi. Baba aliambiwa viti vimekwisha, afuate kwa boti hadi Nyamisati. Mtoto wa kike alizaliwa mchana wa siku hiyo akiwa ameshafariki. Alizikwa Dar es Salaam. Baada ya siku kumi na mbili mama alirudi kwa Caravan, akashuka ngazi polepole, mikono mitupu.

Mvulana alikuwa na miaka mitano na alikuwepo uwanjani. Nyumbani wageni walikuja kutoa pole, lakini kila akisogea, maneno yalibadilishwa. Aliambiwa mdogo wake “hakuja”. Kwa nini hakuja, hakuna aliyemwambia.

Usiku ule barazani, baada ya mama kumaliza kusimulia, mtoto alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“Kwa hiyo hakuachwa kwa sababu viti vilikwisha?”

Kwa miaka sita alikuwa amebeba maelezo aliyojitungia. Aliona baba yake akikosa kiti, akaona mama akirudi bila mtoto, akaunganisha. Mdogo wake alibaki Dar es Salaam kwa kukosa nafasi, na siku moja ikija ndege kubwa ya kutosha, atarudi. Kila ndege iliyotua alikuwa akihesabu wanaoshuka. Ndiyo maana A380. Ndiyo maana watu 853.

Mama alimvuta karibu, akamwambia kwa maneno mepesi. Mdogo wake alikuwa msichana. Alifariki kabla ya kuzaliwa kwa sababu mama aliumwa. Si kosa la ndege, si kosa la baba, si kosa lake yeye. Hatarudi, na kaburi lake lipo, ataonyeshwa.

Mtoto alilia. Baba naye alilia, jambo ambalo mtoto hakuwahi kuliona.

Wazazi wengi huficha kifo cha mtoto mchanga kwa nia njema, wakidhani mdogo aliyebaki haelewi. Mtoto huona nyuso, husikia nusu za sentensi, na pengo asilojaziwa hulijaza mwenyewe, mara nyingi kwa jambo linalotisha kuliko ukweli au kwa kujilaumu. Maneno kama “amesafiri”, “amelala” au “hakuja” humwacha akisubiri. “Alifariki” ni neno gumu kulitamka, lakini linamwezesha mtoto kuanza kuomboleza. Njia nzuri ya kuanzia ni kumuuliza kwanza yeye anadhani nini kilitokea, ili mzazi ajue anasahihisha nini.

Kinachonunulika

Mtoto alipolala, watu wazima waliendelea kukaa. Kwa wiki kadhaa mama alikuwa akiomba aondoke mapema, akakae kwa dada yake Mbagala, karibu na hospitali kubwa, asubiri huko hadi ajifungue. Baba alikuwa akisema “tutaona”. Safari, matumizi ya miezi miwili na dharura vingekula pesa ya mashine ya boti, ambayo ilikuwa imekaribia kutimia. Presha ilikuwa nzuri, na yeye alijiambia hakuna haja ya kuharakisha.

Safari hii mama hakurudia ombi. Alisema tu: “Ndege ya usiku hatutaweza kuinunua. Lakini mchana tunao.”

Baba alielewa. Siku iliyofuata alikwenda kumwambia muuza mashine kwamba asubiri mwaka mwingine.

Mwanamke aliyewahi kupata presha kali ya ujauzito yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuipata tena. Huyu alifanya vizuri tangu mwanzo: alianza kliniki mapema na kueleza yaliyompata zamani, na daktari akamwanzishia dozi ndogo ya aspirini mwishoni mwa mwezi wa tatu. Dawa hiyo husaidia kupunguza hatari kwa wanawake wa aina yake, lakini haifai kwa kila mjamzito na isinywewe bila daktari kuamua.

Kilichokuwa kimebaki ni mpango wa kujifungua, ambao kila familia inapaswa kuwa nao hata kama presha ni nzuri. Ujulikane mapema mama atajifungulia wapi, atafikaje, nani atamsindikiza, nani ataangalia watoto nyumbani, nani yuko tayari kutoa damu ikihitajika na pesa iko wapi. Wanaoishi visiwani au mbali na hospitali ya rufaa wana swali la ziada: giza likiingia au bahari ikichafuka, je, watakuwa upande upi wa maji?

Dalili za hatari nazo zijulikane na kila mtu mzima nyumbani, siyo mama peke yake: kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo, kutokwa damu, homa kali, degedege, maji kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Hakuna hata moja ya kulalia usiku kusubiri asubuhi. Tanzania ina mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga uitwao m-mama. Namba yake ni 115 na kupiga hakuna malipo. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa.

Mama aliondoka akiwa na wiki 32, asubuhi yenye bahari tulivu, kwa kivuko hadi Nyamisati na basi hadi Mbagala Rangi Tatu. Familia yote ilimsindikiza bandarini. Mvulana aliruhusiwa kukosa shule siku hiyo, naye ndiye aliyebeba begi.

Likizo ijayo atamfuata, na baba yake ameahidi kumpeleka kwenye kaburi la mdogo wake. Kwa sasa kila siku ya kliniki, jioni, huazima simu na kumpigia mama yake. Shikamoo ikishaitikiwa, swali ni moja: “Presha leo ngapi?”

Jibu huliandika nyuma ya daftari la hesabu, kwenye ukurasa wa Pilatus. Wiki iliyopita ilikuwa 118 kwa 76.